Herufi Ndogo Chini ya Ndevu za Profesa

Theluji ya kwanza ilipoanguka Tamarack Bend, watu wengine walitoa makoti na buti. Bibi Almeda alitoa chupa.

Ilikuwa chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, shingo nyembamba, tumbo pana, na ilikaa kwenye rafu ya jikoni karibu na dirisha, kando ya chungu cha ua jekundu ambalo Bibi alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kwenye karatasi ya chupa alichorwa mzee mwenye ndevu zilizomfika kifuani. Huyo ndiye Profesa Gudge mwenyewe. Juu ya kichwa chake paliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: KINGA YA PROFESA GUDGE. Na pembeni: HAKUNA MAFUA! HAKUNA KIKOHOZI! HAKUNA HOMA! KWA BABU, KWA BIBI, KWA MTOTO MCHANGA!

Tangu siku hiyo mpaka barafu ya mtoni ivunjike, kila asubuhi ilikuwa ileile. Orpha, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliamka, akavaa soksi mbili mbili, akateremka jikoni ambako jiko la kuni lilikuwa limekwisha kushika moto. Bibi alikuwa akimngoja na kijiko mkononi kama askari wa zamu.

“Fumbua.”

“Bibi, inaunguza!”

“Ndiyo kazi yake. Inaunguza mafua. Fumbua kinywa, mtoto wewe, uji unapoa.”

Baada ya kijiko kulifuata kifuko. Bibi alimvalisha Orpha shingoni kifuko cha kitambaa chenye donge la mvuje ndani, ili ugonjwa ukija ukutane na ile harufu urudi ulikotoka. Nani asiyejua mvuje unavyonuka? Watoto wote wa Tamarack Bend walivaa vifuko hivyo wakati wa baridi, na darasa lilinuka kiasi kwamba hata nzi, kama angekuwapo nzi msimu ule, angenyoosha mkono aombe ruhusa ya kutoka nje.

Kisha Bibi mwenyewe alikunywa vijiko vyake. Viwili, kwa sababu ya umri, alisema. Siku ya baridi kali, vitatu. Siku ya dhoruba hakuna aliyehesabu. Akimaliza, mashavu yalimwiva, macho yalimng'aa, akaosha vyombo huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyovuka barabara mpaka kwa kina Krueger.

“Mnaona?” alisema. “Damu inatembea!”

Na huyo Bibi Almeda, msomaji wangu, alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Akina Mama Wapinga Pombe. Utepe mweupe wa chama ulikuwa kifuani pake hata alipokwenda bandani kuokota mayai. Enzi za ujana wake alipiga magoti na wenzake mlangoni pa baa, kwenye theluji, wakaimba siku tatu mfululizo mpaka mwenye baa akafunga akaenda kuuza viatu. Nyumbani kwake hata keki ya Krismasi haikunusishwa mvinyo. Na ukutani, juu ya meza ya chakula, ilitundikwa kadi ya Orpha aliyoitia sahihi akiwa na miaka minane: POMBE HAITAGUSA MIDOMO YANGU.

Orpha alikuwa na siri mbili.

Siri ya kwanza: hakuwa anameza. Aliiweka ile dawa mdomoni, akageukia dirisha kama mtu anayetazama hali ya hewa, akaitema kwenye chungu cha ua. Huu ulikuwa msimu wa pili. Ua lilikuwa limeanza kuinama upande mmoja kama mtu anayerudi kutoka harusini. Bibi alidhani ni upepo wa dirishani, akalivalisha skafu.

Siri ya pili aliisahau siku ileile alipoitenda. Macho ya Bibi hayakuona tena maandishi madogo, kwa hiyo Orpha alimsomea kila kitu: barua za Baba kutoka kambi ya wakata magogo huko kaskazini, gazeti, mpaka maandishi ya kwenye sabuni. Chupa mpya zilipoletwa, Bibi alimketisha amsomee. Orpha alisoma herufi kubwa kwa sauti ya mhubiri.

“Na hapo chini ya ndevu?” Bibi aliuliza, akisogeza chupa karibu na pua. “Naona kama siafu wanapita.”

Nje, rafiki yake Zelma Krueger alikuwa akimpigia mluzi waende kuteleza mtoni. Orpha hakutazama hata kidogo. “Ni jina la mji walikotengeneza chupa, Bibi.”

“Mji gani?”

“Mrefu mrefu. Wa mbali.”

Bibi akaridhika, na Orpha akatoka mbio.

Ilipofika Januari, homa kali ya mafua iliingia mjini. Jumatatu, wakielekea shule, Zelma alimwambia Orpha, “Wewe unajidai mjanja. Nimekuona dirishani kwenu, unatema. Bibi yako akijua!”

“Kamwambie, mdomo bakuli.”

“Simwambii. Lakini homa ikija itaanzia kwako, shauri yako. Mimi nameza Gudge kila siku. Mimi ni chuma!” Akajipiga kifua, kifuko cha mvuje kikaruka, wote wawili wakacheka.

Jumanne dawati la Zelma lilikuwa tupu. Jumatano yalikuwa tupu madawati saba. Alhamisi shule ilifungwa, na karatasi ikabandikwa mlangoni pa kina Krueger kuwakataza watu wasiingie ovyo. Daktari Ingebretsen alipita mjini na gari lake la kuteleza kutoka nyumba hadi nyumba, kengele za farasi wake zikilia. Zamani Orpha alizipenda kengele zile. Sasa kila zilipokaribia, aliondoka dirishani.

Ijumaa, kama saa nane mchana, Mama alijifunga kitambaa puani na mdomoni ili aende kuwasaidia majirani. Kwa kina Krueger hakuna aliyebaki amesimama. Hata ng'ombe walikuwa wanalia kwa kutokukamuliwa.

“Mwangalie Wendell,” Mama alimwambia Orpha. Wendell alikuwa mdogo wake wa miezi kumi, mwenye meno mawili na kelele za watu wanne. “Akilia mpe ukoko wa mkate atafune. Basi. Na ile chupa ya Bibi yako isimguse. Nimeshasema, mpaka ajue kutembea.”

“Ndiyo, Mama.”

Bibi naye alikuwa amempelekea supu mjane mmoja wa chama. Nyumba ikabaki kimya. Orpha alimketisha Wendell kwenye blanketi karibu na jiko, akamwinamia ampanguse udenda.

Wendell akapiga chafya.

Orpha akaganda. Labda ni vumbi. Akainama tena, na kifuko chake kikaning'inia mbele ya pua ya mtoto. Chafya ya pili. Chafya ya tatu.

Basi ikawa ndiyo imekuja. Orpha alihisi koo lake linawasha; au lilikuwa linawasha tangu asubuhi? Maneno ya Zelma yalimrudia: itaanzia kwako. Zelma, aliyemeza kila siku, alikuwa kitandani hajui mchana wala usiku. Sasa yeye aliyetema misimu miwili itakuwaje? Na Wendell, ambaye hajaonja hata tone? Orpha alimtazama mdogo wake anatafuna ukoko, akaona kabisa kwamba yeye ndiye aliyemletea kifo kwa kutema dawa kwenye ua.

Alipanda kiti, akaishusha chupa. Profesa Gudge alimtazama kwa macho ya huruma. KWA MTOTO MCHANGA! Imeandikwa. Mama hakuisoma vizuri, ndiyo maana.

Kijiko cha kwanza Wendell alikipigia kelele, kisha akaramba midomo, maana chini ya ule ukali kulikuwa na utamu. Orpha akafikiri: kimoja ni kinga ya mtu asiyeumwa. Lakini ugonjwa umekwisha kuingia. Akampa cha pili, kimejaa mpaka kingo.

Kisha aliona mstari wa penseli ambao Bibi huuchora kwenye karatasi ya chupa ili ajue dawa imefika wapi. Dawa ilikuwa chini ya mstari. Akachukua chai baridi iliyobaki kwenye birika, akaongeza mpaka mstarini, akatikisa, akairudisha rafuni.

Wendell alisinzia palepale. Orpha alipumua. Dawa inafanya kazi, alijiambia. Akamfunika.

Saa ya ukutani ikaenda. Kuni zikapasuka jikoni. Baada ya muda Orpha alitambua kwamba kuna kitu kinakosekana. Wendell akilala hukoroma kama paka. Sasa hakukuwa na mkoromo.

“Wendell?”

Akamtekenya nyayo, ambazo akiguswa tu huchekelea. Hakuna. Akamwinua mkono, ukaanguka kama kitambaa kilicholowa. Midomo yake ilikuwa ya buluu kama blubheri. Orpha aliweka sikio karibu na pua yake. Pumzi ikatoka. Akangoja. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Ndipo ikaja nyingine.

“Wendell, amka. Amka nikupe sukari. Wendell, nakuomba!”

Alitaka kukimbia kumwita Mama, lakini akimwacha, nani atahesabu pumzi? Ilikuwa kama kuhesabu kwake ndiko kulikomfanya apumue. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane.

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na Bibi nyuma yake akikung'uta theluji.

“Mbona nyumba kimya kama kanisa Jumatatu? Huyo mtoto...” Bibi alimgusa Wendell, na uso wake ukabadilika. Alirudi mlangoni na sauti ile ya kuimbia ikavuka barabara kumwita Mama: “Hester! Hester, njoo na Daktari! Wendell!”

Bahati ilikuwa kwamba Daktari Ingebretsen alikuwa kwa kina Krueger wakati huo. Alifika bila kofia, Mama akimtangulia bila koti. Alimlaza Wendell mezani, chini ya ile kadi ya kiapo, akamshika paji la uso.

“Hana homa,” alisema, akakunja uso. “Hana joto hata kidogo.” Akamsikiliza kifua. Kisha akamfungua kope kwa kidole gumba, akainama sana. “Mboni zimekuwa kama tundu la sindano. Huyu mtoto haumwi mafua. Amenyweshwa kitu. Mna nini humu ndani chenye afyuni? Dawa ya usingizi? Kileo chochote?”

Bibi Almeda alijinyoosha mpaka akawa mrefu kuliko mlango.

“Daktari, unajua uko nyumba ya nani? Miaka thelathini nimevaa utepe huu! Humu ndani hakujawahi kuingia tone. Si pombe, si afyuni, si hata siki iliyochacha vibaya. Uliza mji mzima!”

“Bi Almeda, siulizi mji. Nauliza hii nyumba.”

“Na mimi nakujibu. Hakuna!”

Alisema kwa moyo safi kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Daktari alimwamini. Orpha, aliyejibanza kati ya jiko na kapu la kuni, alimwona anaamini.

Daktari alijifuta uso. “Basi sielewi. Labda ni ubongo. Kama ni ubongo, tusimtikise hata kidogo, tumwache alale mahali penye giza, tuombe. Kama ni afyuni, kumwacha alale ni kumwua. Mama, una hakika hakula kitu?”

“Ukoko wa mkate tu,” Mama alisema huku akilia. “Orpha, si ukoko tu? Orpha!”

Akisema, watajua alitema, watajua alidanganya, watajua amemwua mdogo wake. Asiposema, itakuwa ni ubongo. Hakuna wa kulaumiwa. Alimtazama Wendell. Moja, mbili, tatu. Daktari alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuvuta pazia la dirisha. Saba, nane, tisa. Kumi. Kumi na moja.

“Nimempa Gudge!”

Wote waligeuka.

“Nimempa dawa ya Bibi. Alipiga chafya. Tone tu. Matone mawili matatu.”

“Lete chupa,” Daktari alisema. Aliipokea, akainusa, akatia tone kwenye ulimi. Akamtazama Orpha. “Binti, hii ina chai.”

Orpha akajibanza zaidi ukutani.

“Sikugombezi,” Daktari alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwita farasi aliyeshtuka. “Atakayekugombeza atangoja zamu yake. Nataka hesabu ya kweli, maana mimi natibu kwa hesabu. Ngapi?”

“Vijiko viwili. Vimejaa. Saa ilikuwa inakaribia tisa. Chai niliongeza mimi.”

“Vizuri. Sasa soma hapo chini. Miwani yangu imeganda barafu na mikono yangu ina kazi.” Alikuwa amekwisha kumwinua Wendell na kumsimamisha wima, akimsugua mgongo kwa nguvu. “Herufi ndogo. Chini ya ndevu. Soma!”

Orpha alisogeza chupa dirishani. Wale siafu wakawa maneno, mmoja baada ya mwingine. Mji mrefu wa mbali haukuwapo.

“Ina... pombe, sehemu ishirini na mbili katika mia. Na mofini...”

“Mofini ndiyo nini?” Mama aliuliza.

“Hutolewa kwenye afyuni. Ndiyo inayomlaza,” Daktari alisema. “Mama, theluji kwenye beseni! Na kahawa, nyeusi, kali!”

“Orpha,” Bibi alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwahi kusikika katika nyumba ile. “Rudia ile ya kwanza.”

“Pombe, Bibi. Sehemu ishirini na mbili katika mia.”

Bibi akakaa. Mkono wake ukapanda kifuani, ukaufunika ule utepe kana kwamba ulikuwa uchi.

“Utakaa baadaye, Bi Almeda!” Daktari alipiga kelele. “Huyu mtoto asilale! Mna kelele humu? Leteni kelele!”

Kama kulikuwa na kitu nyumba ile haikukosa, ni hicho. Bibi aliruka, akanyakua sufuria na mwiko, akaanza kugonga na kuimba kwenye sikio la Wendell wimbo uleule uliofunga baa. Mama alimsugua nyayo kwa theluji. Daktari alimkunja na kumkunjua mikono, akampulizia pumzi, akampiga vikofi mgongoni, akaanza tena. Wendell alining'inia kama mwanasesere. Pumzi ikatoka. Wakangoja. Nyingine. Wakangoja tena.

“Mwite jina!” Daktari alimwambia Orpha. “Mfanyie lolote linalomchukiza!”

Lolote linalomchukiza. Orpha alishika uzi wa shingoni, akaukata kwa meno, akasukuma kifuko cha mvuje chini ya pua ya mdogo wake.

Pua ikakunjamana.

“Tena!”

Orpha akakibana mpaka donge likapasuka ndani ya kitambaa. Harufu iliyotoka ingefufua viatu. Wendell akakunja uso mzima, akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko zote, na akapiga chafya. Ile chafya iliyomtisha Orpha kuliko kitu chochote maishani mwake, safari hii ilimfanya apige magoti. Kisha Wendell akalia, kwanza kinyonge kama mlango unaokwaruza, halafu kwa hasira, kelele zake zote za watu wanne.

“Lia, baba,” Bibi alisema, machozi yakimchuruzika, bado anagonga sufuria. “Lia, mzee wangu. Tukana kabisa!”

Daktari hakuwaruhusu kupumzika. Walimpokezana, wakamtembeza jikoni, wakamdondoshea kahawa ulimini, mpaka jua liliposhuka nyuma ya misonobari na midomo ya mtoto ikarudi rangi yake. Ndipo Daktari alipokaa akanywa kahawa iliyobaki.

“Atapona,” alisema.

“Na homa ya mafua?” Orpha aliuliza. “Alipiga chafya, Daktari. Mara tatu.”

“Ulikuwa umevaa hiki ulipomwinamia?” Daktari alikiinua kifuko kwa ncha za vidole viwili. “Hata mimi ningepiga.”

Mama alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha akakumbuka kukasirika, akamshika Orpha sikio, akaliachia, akamkumbatia kwa nguvu.

“Kumbe hakizuii ugonjwa?” Bibi aliuliza, akitazama kifuko.

“Kina faida moja, Bi Almeda. Watu hukaa mbali na anayekivaa, na mafua humrukia aliye karibu. Lakini mnaweza kukaa mbali na mgonjwa bila kunuka. Naweni mikono. Funikeni mdomo mkikohoa. Fungueni dirisha, hewa ipite. Anayeumwa alale, anywe supu, asiende kutembea kwa watu.”

“Na Gudge?”

“Gudge hazuii kitu. Humfanya mtu asijali kwamba anaumwa.” Daktari alivaa koti. Mlangoni akamgeukia Orpha. “Ungenyamaza kidogo tu, ningevuta lile pazia tukamwacha alale. Ulichelewa, lakini ulisema. Siku nyingine usichelewe.”

Asubuhi iliyofuata Orpha aliteremka jikoni akiwa amejiandaa kwa kipigo. Bibi alikuwa mezani, bila kijiko. Mbele yake zilisimama chupa tano. Kichwa kilimuuma sana siku ile, na mikono ilimtetemeka; hakuimba hata ubeti mmoja.

“Bibi, nilikudanganya. Ulipouliza kule chini ya ndevu. Sikusoma. Nilisema mji.”

“Najua. Nimelala nikiufikiria huo mji.” Bibi alimvuta karibu. “Uongo wako ulikuwa mdogo kama hizo herufi, mjukuu wangu. Tazama ulichobeba ndani. Sasa sikiliza, maana nitasema mara moja tu, kichwa kinagonga. Herufi kubwa zinaandikwa na mtu anayetaka kuuza. Herufi ndogo zinaandikwa kwa sababu serikali imemlazimisha. Siku zote anza kusoma chini. Na ukiwa umefanya kosa, liseme likiwa bado kosa, kabla halijawa msiba. Umenisikia?”

“Nimekusikia, Bibi. Nitaadhibiwa?”

“Utaadhibiwa. Utasoma.”

Majuma matatu baadaye homa ilipotulia, Zelma akiwa ameanza kuinuka kitandani na kudai keki, Chama cha Akina Mama Wapinga Pombe kilikutana tena katika ukumbi wa kanisa. Bibi Almeda alisimama mbele, akaufungua utepe wake, akauweka mezani.

“Akina mama,” alisema, “kwa miaka kumi na mmoja mmeongozwa na mlevi.”

Ukumbi ukalipuka. Mmoja alisema homa imempanda Bibi kichwani. Bibi akainua mkono. “Nimelewa tangu saa moja asubuhi, kila siku ya baridi, mbele ya wajukuu. Nimeimba huku nimelewa. Nimewahutubia huku nimelewa, nanyi mkasema Almeda leo ana roho! Haya, niliwaambia kila mtu aje na dawa yake ya mafua. Toeni. Orpha, panda juu ya kiti.”

Orpha alipanda. Moja baada ya nyingine chupa zilitoka mikobani, na yeye akasoma kuanzia chini kwa sauti iliyofika nyuma. Pombe, kumi na saba. Pombe, ishirini. Afyuni. Kila aliposoma, mama mmoja alishika kifua chake. Alipofika kwenye chupa ya Bi Philura, kikongwe wa miaka themanini, alisita.

“Pombe, ishirini na nane.”

Bi Philura alitazama dari. “Kumbe,” alisema. “Ndiyo maana sijawahi kuisahau hata siku moja.”

Walicheka mpaka wengine wakalia, kisha wakatoka wote nyuma ya kanisa wakamwaga chupa zao juu ya theluji, theluji ikawa kahawia. Waliporudi ndani, Bibi alitia sahihi kiapo upya, wa kwanza kwenye orodha, kama mwanachama mpya. Ndipo wakamrudishia utepe wake. Orpha naye alitia sahihi, na safari hii aliisoma kadi yote kwanza, mpaka jina la aliyeichapa.

Wakirudi nyumbani, Orpha alibeba chupa moja iliyosahaulika mkobani, nusu yake bado imejaa.

“Bibi, hii niimwage wapi?”

“Popote,” Bibi alisema bila kugeuka, “isipokuwa kwenye ua langu. Tangu juzi limesimama wima. Nalo limeacha pombe.”